Kinyago Alichokifunika Baba kwa Koti

Jumba lile la makumbusho lilinuka nta ya sakafu na makoti yaliyoloa mvua, na harufu hiyo ninaikumbuka mpaka leo. Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wetu wa kwanza Brussels. Tulikuwa tumekimbia vita Kivu, mimi na baba, tukapewa chumba kwenye maghorofa ya Anderlecht. Baba alifagia ghala, na hakuna aliyemuuliza lolote ila kama amemaliza. Majira yale ya baridi mwalimu wetu alitupeleka makumbusho mara kwa mara, na mimi nilifurahia kila kitu, mpaka mifupa ya mijusi wakubwa kama nyumba. Siku moja akasema zamu ijayo ni ukumbi wa Kongo, na baba yangu aje atueleze vitu vya kwao. Baba akapiga shati pasi, kisha akalirudia.

Mwanzoni alimeremeta. Alieleza ngoma, akaeleza nyavu za kuwindia, watoto wakamzunguka wakiuliza maswali, naye akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhame kwetu. Ndipo tukafika kwenye kabati dogo la kioo. Ndani kulikuwa na kinyago kidogo cha mti, kimepakwa udongo mweupe, kina ndevu za nyuzi. Sisi ni Warega, na kwetu kuna Bwami, chama cha wakubwa ambacho mtu huingia kwa kufundishwa hatua kwa hatua. Vitu vyake, kama kinyago kile, huonwa na walioingia tu. Baba alikuwa ameingia kabla ya vita. Mimi binti yake sikuwa na ruhusa hata ya kuchungulia.

Baba akavua koti, akafunika kioo, akasimama mbele yake amenyoosha mikono. “Geuka, mama,” akaniambia. “Angalia kule. Hii haiko ya batoto.” Nikageuka. Halafu akamwomba mwalimu kwa Kifaransa, kwa adabu zote: “Pardon, madame, watoto wapite bila kuangalia.” Darasa likaangua kicheko. Mlinzi akaja, akasema kila kilichomo humo ni cha kuonwa na wote, akalitoa koti, akamshika baba kiwiko na kumpeleka nje kama mlevi. Mwalimu akanishika mabega, akanigeuza nikitazame kioo. Nikafumba macho. Wenzangu wakakichora kinyago, na michoro ikabandikwa darasani mpaka shule ilipofungwa, kwa hiyo kule kufumba macho hakukunifaa kitu. Baba tulimkuta kituo cha tramu, kalowa chapachapa, koti mkononi. Hakutufuata tena popote, na kicheko kile kilikwisha siku hiyo. Sijamsamehe yule mwalimu, wala sina haraka.

Sasa mambo yamebadilika, wanatuambia. Watu wa makumbusho wanaongea kwa sauti za chini kama wako msibani, na kuta zimejaa maneno ya kujutia. Mwaka jana baba, ambaye miguu yake imechoka na wenzake wa Bwami wote wamekufa, aliniomba nimpeleke akakisalimie kinyago kile kabla na yeye hajaondoka. Tukapanda tramu. Ukumbi umepakwa rangi mpya, na kabati lilikuwa tupu. Dada mmoja mpole wa pale akatueleza kwamba kimewekwa stoo, kwa kuheshimu mila za wenyewe, na haonyeshwi mtu. Nikamwambia mwenyewe ndiye huyu, hapa, anayeegemea mkongojo. Akaweka mkono kifuani, akasema anasikitika sana, lakini uamuzi ni kwa wote.

Baba amekaa nchi hii miaka mingi, na Kifaransa hakimpigi chenga. Hata hivyo alinigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiswahili: “Anasema heshima ya nani, mama?”