Kadi ya Wiki ya Tatu

Nilifika chuoni begi likiwa bado mgongoni, nimeshapotea kwenye ngazi mbili, nikaambiwa nimsubiri mwenyeji wangu katika chumba cha walimu wa lugha. Humo nilimkuta mwalimu mmoja, mama mnene wa sauti ndogo, akipanga kozi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa chuo wanaoanzia sifuri. Kila somo lilikuwa kadi. Kabla ya kuibandika kwenye karatasi kubwa ya ratiba, aliipangusa kwa kiganja kama anayemfuta mtoto uso, kisha akachungulia daftari la mahudhurio la mwaka jana.

"Mwalimu, mkuu anataka ratiba," katibu aliita mlangoni.

"Mwambie iko jikoni."

"Tangu juzi haijaiva tu?"

"Kuni mbichi, mwanangu."

Kidole chake kilisimama kwenye daftari. Wanafunzi saba waliacha kuja wiki ya tatu, wiki ya kusimama peke yako mbele ya darasa na kujieleza. "Wawili kati yao wamejiandikisha tena," aliniambia. "Sitaki wanikimbie mara ya pili." Akaibandua kadi ya somo hilo, akaihamishia wiki ya kumi. "Wewe mtembezi, ugenini huwa unaanza kuongea na nani?"

"Na mgeni mwenzangu. Tunakosea wote."

Akaandika kadi mpya: wawili wawili, wamekaa, mlango umefungwa. Akaipangusa, akaibandika kwenye wiki ya tatu, akaviringisha ratiba na kuitia kwapani.

"Katibu akirudi, mwambie imeiva."

Akaniacha na begi langu na viti vitupu, akaufunga mlango taratibu, kama vile wale wawili wameshakaa mle ndani.