Mbuzi Wawili kwa Fahali Mmoja

Sotoka ilipita kwetu, upande wa Ihumwa, ikatuachia ng'ombe wachache na fahali mmoja. Fahali huyo alikuwa wa marehemu baba yangu, basi akawa wangu. Sikumnunua, wala sikumuuguza. Wakati watu wanazika mali zao mimi nilikuwa pwani, katika shule ya serikali ya Kijerumani, nikifundishwa hesabu na Mdachi. Nilirudi na penseli, kofia, na imani kwamba watu wa kwetu hawajui thamani ya vitu.

Desturi yetu Wagogo ilikuwa kwamba fahali hana bei. Ng'ombe wote hukutana kwenye visima vya mchangani, mtoni, na huko fahali wa yeyote humpanda ng'ombe wa yeyote. Mwenye fahali hapati kitu ila heshima, na heshima, niliona wakati ule, haishushi ugali.

Nikamfungia zizini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, maana mnyama asiyetoka lazima aletewe. Kila asubuhi mimi, msomi, nilikata majani, nikateka maji, nikazoa mavi, naye amesimama kivulini ananitazama. Watu wakampa cheo cha yule mkubwa wa bomani, wakamwita Bwana Shauri, kwa kuwa hafanyi kazi, analishwa, na hakuna amwendeaye mikono mitupu. Nami nilicheka, ila kwa sauti ya chini.

Kabla ya kutangaza bei nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza. Kwa mbuzi mmoja, wangeletwa ng'ombe tisa. Kwa mbuzi wawili, sita. Kwa watatu, wawili tu. Wengine walisema heri wamfuate fahali wa mbali, mwendo wa siku mbili, na simba wa njiani wapate fungu lao. Nikalamba penseli. Tisa kwa mmoja ni tisa. Sita kwa wawili ni kumi na wawili. Ng'ombe wa saba asingenigharimu hata unyasi mmoja, na Bwana Shauri mwenyewe asingelalamika. Lakini ili nimpate huyo wa saba ningelazimika kuwashushia bei na wale sita. Nikamwacha, bei ikawa mbuzi wawili. Ng'ombe watatu waliobaki nje sikuwaandika popote.

Kisha nikawaza mbele zaidi, ugonjwa wa watu waliosoma. Je, ndama watakaozaliwa wakiwa madume? Hao kesho ni fahali. Kwa hiyo kila mteja aliapa mbele ya jumbe kwamba ndama dume atahasiwa mapema. Jumbe alisimamia viapo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa ng'ombe wake walipandwa bure.

Miongoni mwa wale watatu alikuwamo mtamba wa shangazi yangu, dada yake baba. Binti yake alikuwa amefia uzazini, akamwachia kichanga. Shangazi alikuwa na mbuzi majike wawili, na maziwa yao ndiyo yaliyomlea mtoto. Alitaka mtamba wake azae kabla mbuzi hawajakauka. Alikuja na mtoto mgongoni na mbuzi mmoja kambani.

"Mwanangu, huyu mchukue," alisema. "Wa pili ndiye mama wa mtoto huyu."

"Shangazi, bei ni moja kwa watu wote. Nikikupunguzia wewe, kesho kijiji kizima kitakuwa shangazi zangu."

Alinitazama, akamtazama fahali. "Mwenzako hapa angekubali," akasema, akaondoka.

Haukupita mwezi, mchana mmoja upepo ulivuma kutoka mtoni na harufu ya ng'ombe. Bwana Shauri akapita katikati ya uzio wa miiba kana kwamba ni moshi. Nilimkimbilia, kofia mkononi. Nilipofika visimani alikuwa amekwisha kumpanda mtamba wa shangazi, mbele ya watu wote waliokuja kuteka maji, ambao walikuwa wamempisha kwa adabu. Nilipopiga kelele, mzee mmoja alinishika bega. "Msamehe," akasema, "yeye hakusoma."

Ningeweza kurudi nyumbani na aibu yangu, ikaishia hapo. Nilikwenda kwa jumbe kumshitaki shangazi yangu kwamba amejipatia huduma bila kulipa. Nilieleza hesabu zangu vizuri hata jumbe akasinzia, na alipoamka alihukumu kama nilivyotaka: mbuzi wawili. Shangazi hakubishana. Nikawaswaga mbuzi hadi kwangu, viwele vimejaa. Mtoto alivushwa mwaka ule kwa uji wa mtama na maziwa ya kuombaomba nyumba hadi nyumba. Alikonda, akapona. Kupona kwake mimi sikuchangia kitu, na hilo limenielemea kuliko kosa lolote nililowahi kufanya.

Mtamba alizaa dume. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa furaha ya kushinda kesi nilisahau kiapo. Nilikwenda mbio kumkumbusha shangazi habari ya kisu.

"Kiapo kipi?" aliuliza. "Nilidaiwa mbuzi wawili, nikatoa mbuzi wawili. Kamuulize jumbe kama yalitajwa mapumbu."

Jumbe alisema hayakutajwa.

Mwaka wa tatu yule ndama alikuwa fahali, na shangazi alimwachia kila asubuhi aende visimani na wenzake. Nilishusha bei hadi mbuzi mmoja. Nikashusha hadi kuku. Nikashusha hadi kibuyu cha pombe, tena nikasema pombe tutakunywa pamoja. Mwisho nilifungua zizi kabisa, lakini Bwana Shauri alikuwa amesimama mno. Miguu ya nyuma ilimtetemeka, na ng'ombe wangu mwenyewe, ambao kwa aibu sikuwapeleka visimani, walikaa msimu mzima bila mimba.

Basi nikawafunga kamba mbuzi wale wale wawili, nikaenda. Shangazi alikuwa akipeta mtama, mjukuu anafukuza kuku. Nilimwamkia, nikasema nimeleta bei ya fahali. Nikamnyooshea kamba.

Aliwakagua mbuzi, masikio na viwele, bila haraka.

"Hawa ni wangu, kwa hiyo nawapokea," alisema. "Na watoto wao uwalete kesho. Fahali hana bei. Ng'ombe wako hawajui njia ya mtoni?"

"Wanaijua, Shangazi."

Akawafungua mbuzi, akazikunja kamba vizuri, akaniwekea mkononi.

"Hizi rudi nazo," akasema. "Kamfungie mwenzako."