Nani alibonyeza "Ndiyo" kwenye simu ya marehemu mume wangu?

Admin, ficha jina langu na mtaa wangu, maana Kisangani ni ndogo na midomo ni mingi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mshonaji wa nguo, mjane. Angalau ndivyo watu wote wanavyonijua. Nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Mume wangu, nitamwita Papa Exaucé kwa jina la mtoto wetu, alienda kutafuta dhahabu upande wa Bafwasende. Shimo likaporomoka na watu ndani. Wenzake wakarudi na begi lake, wakasema yeye alikuwa chini, na mwili haukuonekana. Jamani, kulia bila jeneza ni kulia vibaya, hujui hata uangalie wapi. Tangu hapo ninavaa nyeusi. Mtoto alichukuliwa na mama mkwe wangu ng'ambo ya mto, Lubunga, ati nyumba ya kilio haimfai mtoto. Nikabaki mimi na cherehani. Kuna siku sauti ya kwanza ninayoisikia ni ya mteja aliyekuja kulalamikia mkono wa blauzi.

Kilichonibakia ni tablette, ile kama simu pana. Alininunulia kabla ya kuondoka ili niangalie mitindo ya nguo. Kama kawaida ya wanaume wetu, aliifungua kwa compte yake mwenyewe, akaunti ile ile ya simu yake. Nilipouliza kwa nini, akacheka: "Mbili ya nini? Si siye tuko mutu moja?" Humo ndimo zilimokuwa picha zake na sauti yake akinitania. Sasa juzi juzi kioo kikawa cheusi. Garantie ya duka ilikuwa haijaisha, nikairudisha dukani, nikasubiri weee, mwishowe wakanipa nyingine mpya. Nilifurahi mpaka nilipoiwasha. Tupu! Hakuna picha, hakuna sauti, herufi ndogo kama chawa.

Fundi wa duka akaniambia: "Maman, usilie. Ingiza compte ya zamani, vitu yote itarudia." Neno la siri nililijua, nikaandika. Tablette ikajibu: chukua simu yako nyingine, bonyeza "Ndiyo" kuthibitisha kwamba ni wewe. Simu nyingine! Ile aliyokuwa nayo mfukoni shimoni. Nikamwambia fundi, "Ile simu iko chini ya udongo pamoja na mwenyewe." Akaniangalia kwa huruma. "Bon, maman, pole. Tutafute njia ingine." Hajagusa kitu, kioo kikabadilika. Mtu alikuwa amebonyeza "Ndiyo".

Fundi akapiga makofi: "Unaona? Imepita!" Mimi nikakaa juu ya kartoni. Vitu vikaanza kurudi kimoja kimoja: mitindo ya nguo, nyimbo za kanisa, herufi kubwa alizonipangia kwa sababu macho yangu ni mabovu, halafu uso wake. Watu wa dukani walidhani ninalia kwa furaha.

Nyumbani nikajiambia, huyu ni mtu aliyeokota simu. Nikatuma ujumbe kwenye anwani ya ile compte yenyewe, maana aliye na simu naye angeusoma: "Wewe uliyebonyeza, kama uliokota simu ya mume wangu, niambie tu uliikuta wapi. Sitaidai." Kesho yake nikiwa kwenye cherehani jibu likaingia: "Kadogo, acha. Wacha balie, itaisha." Yaani watu walie tu, kilio kitaisha chenyewe.

Kadogo! Mimi mwenye mwili huu ninaojaza mlango, ni mtu mmoja tu duniani aliyeniita Kadogo. Nikaandika na kuandika. Uko wapi? Tumekukosea nini? Mtoto anakuulizia. Halafu tablette ikadai neno la siri upya, na lile ninalolijua ikalikataa. Alikuwa amelibadilisha. Nimefukuzwa, na picha zake zote zimekwenda naye. Nilipokuwa mjane nilikuwa na picha. Sasa nina mume, na sina kitu.

Wenzangu, msiniambie nimwendee, maana sijui hata yuko mji gani. Shida yangu ni mama mkwe. Anatayarisha retrait de deuil, sherehe ya kunivua nyeusi mbele ya ukoo na kumaliza kilio. Ameshachagua pagne, kitenge cha sare ya familia nzima, na mshonaji ni mimi. Kila siku ninakata nguo za kumuaga mtu anayepumua. Nikisema, nitamnyang'anya yule mama mtoto aliyekufa akiwatafutia watu wake chakula, nimpe mtoto aliyewatoroka. Tena nani ataniamini, na ushahidi umefungiwa? Nikinyamaza, mtoto wangu ataweka maua kwenye picha ya baba aliye hai, na mimi nitasimama pale kanisani nikidanganya mbele ya Mungu.

Leo mama mkwe amekuja kupimwa nguo. Nikiwa nimemzungushia mita kifuani, akanishika mkono, akasema polepole: "Mwana yangu, mimi bado moyo inanisumbua. Lakini kama angekuwa muzima, angetuandikia hata neno moja, si ndiyo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, maman." Nikaandika kipimo chake.

Ninyi mliozaliwa na mama, niambieni: nimfuate mama mkwe Lubunga nikamweleze, au nimalize kushona?