Mji umenishinda, lakini kaburi la mume wangu haliniachii

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mjane, nina watoto watatu, naishi Nkende hapa Tarime mjini. Shule niliishia darasa la nne, mtanisamehe nikikosea. Kawaida ujumbe mrefu ananiandikia binti yangu mkubwa, ila huu naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa sababu yeye hatakiwi kuuona.

Wakati mimi na marehemu tunanunua hiki kiwanja watu walitucheka, wakasema tumeenda kukaa na ngedere. Yalikuwa mashamba matupu. Tukajenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Viwanja vya jirani vilikuwa vya watu wanaoishi mbali, wakaniruhusu nilime. Nikawa napanda mahindi, mchicha, viazi vitamu. Asubuhi nauza uji na viazi stendi, jioni nachuma mboga yangu. Kwa kweli sikujua kama mimi ni maskini.

Sasa mji umekuja mpaka mlangoni. Wenye viwanja wote wamejenga. Kulia gorofa, kushoto lodji, nyuma ukuta wenye chupa juu. Sina hata pa kuchomeka mche wa sukuma wiki. Unga nanunua, mboga nanunua, maji nanunua, mkaa ndiyo usiseme, kila nikienda sokoni bei siyo ile ya juzi. Na pale nilipokuwa naweka meza yangu ya uji mwenye eneo ameniambia niondoe, anajenga fremu za maduka. Siku hizi tunakula mara moja. Wadogo wakiuliza nawaambia tumefunga kama majirani zetu Waislamu. Yule wa mwisho akaniambia, "Mama, wao jioni si wanakula?"

Dada yangu yuko Morotonga, kule Mugumu. Kila siku ananipigia. "Mdogo wangu, njoo. Shamba lipo, ng'ombe wa maziwa yupo. Unang'ang'ania nini huko, unakula lami?" Na mwenye lodji anakitaka kiwanja changu, pesa anayotaja inatosha kunijengea Morotonga na watoto wakasoma. Alikuja kwa heshima tu, akasimama anaangalia kona ya uani, akasema, "Mama, hata leo nakupa. Ila mzee naye lazima ahame. Siwezi kulaza wageni juu ya mwenye nyumba."

Mume wangu amezikwa pale uani, hatua chache kutoka jikoni. Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo, ndugu zangu.

Siku ya msiba shemeji zangu walikuja na gari kutoka kwao Genkuru kuchukua mwili. Nilijua nikiondoka na lile jeneza sirudi tena Nkende. Shemeji mkubwa alikuwa ameshaanza kuulizia karatasi za kiwanja ziko wapi, hata machozi hayajakauka. Nikaogopa. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Marehemu aliniambia azikwe hapa hapa kwenye kiwanja chake, na asiondolewe."

Shemeji akanitazama sana. "Shemeji, kaka amesema, au umesema wewe?"

Nikasema, "Amesema yeye."

Mzee mmoja wa ukoo akamkatiza, "Mura, kijana wangu, neno la marehemu halibishaniwi. Chimbeni." Wakachimba. Tangu siku hiyo hakuna aliyenigusa, maana mjane mwenye kaburi uani nani atamfukuza?

Lakini hakusema hivyo. Hospitali tulikuwa wawili tu, nimeshika kikombe cha uji namnywesha. Alisema, "Nirudishe Genkuru, nikalale karibu na mama." Alirudia mara mbili. Nikamwambia sawa mume wangu. Halafu nikaenda nikamzika nilipotaka mimi.

Binti yangu mkubwa siku ile alikuwa na miaka kumi na moja, ameshika kanga yangu, akasikia kila nilichosema. Akakiamini mpaka leo. Sasa ana kumi na saba, yuko kidato cha tatu, ana akili sana. Kaburi analifagia yeye. Matokeo ya mtihani anaenda kumsomea baba yake kwanza, ndiyo anakuja kwangu. Nilipogusia habari ya Morotonga alinikatalia. "Mama, Baba alisema asiondolewe. Unataka tuvunje neno la Baba?" Nikamwambia mwanangu mji umetushinda, tutakufa njaa. Akachukua ufagio akaenda kaburini.

Kumbe alikuwa na lake. Juzi amekuja anacheka, anadhani ananifurahisha: "Mama, nimepata kazi pale lodji, kufua mashuka. Shule naacha. Tutakaa hapa na Baba, usilie tena." Anaanza Jumatatu.

Anaacha shule kwa ajili ya maneno niliyoyatunga mimi.

Nikimwambia ukweli, atajua mama yake ni mwongo na baba yake amelala pale asipopataka. Shemeji zangu wakisikia nimekiri, sijui kama watanibakizia hata sufuria. Nikinyamaza, naona mtoto anazama kwa mdomo wangu mwenyewe. Kuhama na kumwacha marehemu peke yake katikati ya malodji siwezi, na kwa kaburi lile hakuna wa kununua.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nikamsikia anafagia, anamwambia taratibu, "Baba tulia, hatuendi popote." Nikaingiza kanga mdomoni nisisikike.

Wazazi wenzangu, na nyinyi mliowahi kufiwa, nitukaneni mkitaka lakini nishaurini kabla ya Jumatatu. Nifanye nini, na nianze kumwomba nani msamaha, huyu anayefagia au yule anayefagiliwa?