Koti la Baba Mkwe

Katika timu yetu ya zimamoto hakuna anayekwenda nyumbani kabla hajanuswa. Unainamisha kichwa, mwenzako anakunusa nywele, shingo, kisha nyuma ya masikio, na akisema "bado" unarudi kwenye sabuni bila ubishi. Wageni wakituona wanacheka. Waache wacheke. Sheria hiyo ilitoka nyumbani kwangu na sioni haya kuisema.

Ilitoka kwa mke wangu. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa kabla ya wakati wake na kifua chake kilikuwa dhaifu. Muuguzi wa kituo cha afya alituambia tuhamishie jiko nje na tusimsogeze mtoto karibu na moshi wa aina yoyote. Tulitii. Halafu siku moja nikatoka kuzima moto wa matairi, nikajimwagia maji ya ziwa haraka haraka, nikafika nyumbani najiona shujaa, nikambeba mtoto. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya nyumba inayoungua. Mke wangu alimpokonya mikononi mwangu, na kifua kilipotulia akaniambia kwa sauti ndogo, ile ambayo kwake ndiyo mbaya zaidi: "Moshi haitaingia tena mu hii nyumba. Hata ikuye na baba yake. Hata na baba yangu."

Hapo kwenye "baba yangu" ndipo palipokuwa na kazi, maana baba yake ndiye kiongozi wa timu yetu.

Sisi ni watu wa kujitolea. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, wenzangu wanaendesha pikipiki au wanauza samaki, na simu ikilia kila mtu anaacha alichoshika. Tuna pampu moja, mipira ya maji iliyotiwa viraka, na ziwa zima la kuchota. Baba mkwe alijifunza kazi hii zamani kwenye kiwanda kimoja cha huko tambarare, akatufundisha sisi wote. Ana koti zito la kuzimia moto ambalo Uvira nzima inalijua. Akipita nalo watu wanampisha njia. Kwake yeye, harufu ya moshi kwenye koti ilikuwa ushahidi kwamba mtu amefanya kazi, na lisilonuka lilikuwa la mvivu. Moto ukizimika anakunywa kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe yanayoshushwa kutoka milimani Rurambo, anajifuta midomo na kutangaza kwamba kifua kimeshasafika.

Basi tangu sheria ile ipite, babu alikuwa anamwangalia mjukuu wake akiwa barabarani. Anasimama nje ya ua na koti lake, anapiga mluzi, mtoto anageuza kichwa, babu anacheka, anaondoka. Hakuwa amembeba tangu siku ile ya matairi. Mke wangu alikuwa anaingia ndani na kufuta macho, lakini mlango haukufunguka. Ningependa kusema nilimwonea huruma mzee peke yake. Niliwaonea huruma wote wawili, na nilikasirika pia, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa sabuni.

Sabuni, na baadaye kibanda. Kilikuja kwa meli mpaka Kalundu, zawadi ya ndugu yetu mmoja anayefanya kazi ya zimamoto ng'ambo. Ni chumba cha mbao chenye mlango wa kioo na benchi la watu wawili, na ukutani kuna mabamba yanayotoa miale ya infraredi. Hakuna moto wala mvuke. Miale inapasha mwili wenyewe, unatokwa jasho umekaa tu. Wenzetu wa huko wanaingia humo baada ya moto ili jasho lisaidie kutoa uchafu wa moshi ulioingia kwenye ngozi. Pale bandarini mama mmoja alikitazama, akafanya ishara ya msalaba, akauliza ni cha parokia gani, akidhani ni kibanda cha kuungamia dhambi. Tangu siku hiyo kinaitwa Kitubio.

Mimi ndiye niliyekiunganisha, nikakifungia waya za jenereta, na kiliwaka mara ya kwanza. Kazi yangu naijua. Cha ajabu ni kwamba watu wanaoingia kwenye ghala linaloungua bila kufikiri mara mbili walikiogopa kile kisanduku chenye mwanga mwekundu. Mmoja alichungulia akasema, "Minye siingie. Hii iko inapika muntu polepole." Ikabidi niingie wa kwanza, nikae, niwapungie mkono kupitia kioo.

Muuguzi tulimwita atuambie ukweli. Alituambia. "Kama jasho inatoa sumu yote, minye sijue, na hata kule ng'ambo bangali banabishana. Sabuni njo najua. Mupumzike kwanza, mukunywe maji, munawe, kisha muingie. Na nguo za moto zisiende nyumbani." Akaongeza kwamba lazima mtu mmoja asimame kwenye kioo kuwaangalia walio ndani, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye moto anaweza kuzimia. Mtu huyo wa kioo nikawa mimi.

Kila mtu akaona faida. Hata kama jasho lenyewe halikufanya lolote, Kitubio kilitulazimisha kuvua, kunawa na kuacha makoti kituoni. Wake zetu walifurahi. Ni baba mkwe tu aliyebaki na koti lake. Alisema kiongozi huingia wa mwisho, na ikifika zamu yake mafuta ya jenereta yanakuwa yamekwisha au amekumbuka shughuli. Nilijua sababu. Kwetu baba mkwe na mkwe hawaonani miili. Mimi nikimwona mzee huyu kifua wazi, aibu ni yake na ni yangu. Hata kwenye harusi tunakaa meza mbalimbali. Sasa avue nguo huku mume wa binti yake amesimama kwenye kioo anamkodolea macho?

Nilijitolea kumwachia mwingine nafasi yangu kwenye kioo. Akakataa, akasema hataki watu wazungumze kwamba mkwe amefukuzwa kwenye mashine yake. Ukaidi huo binti yake ameurithi wote.

Ndipo ukatokea moto wa Kavimvira, duka la magodoro ya sponji jirani na wabadilisha fedha. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, ukawa unatuingia hata kwenye meno. Tulipokuwa tunarudi, kijana anayeshika mipira ya maji alimtania mzee kwamba mjukuu atakuja kumwita "Bwana wa Barabarani". Wote walicheka. Yeye hakucheka. Tulipofika kituoni akanywa maziwa yake, hakugusa maji, akaingia Kitubio moja kwa moja na kukaa. Na koti. Na buti. Alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akanitazama kupitia kioo, akageukia ukuta.

Niligonga kioo. Hakugeuka. Koti lilianza kutoa harufu ya yale magodoro, ikapenya mpaka nje, na mzee akaanza kuinama polepole. Niliufungua mlango nikamvuta, akanilalia begani akiwa mzito na amelowa, nikamkalisha chini nikammwagia maji kichwani. Macho yalipotulia, hasira yangu yote ikatoka.

"Baba, weye unapenda kufa juu ya aibu? Binti yako iko analia kila siku! Mutoto wake iko anakungojea!"

Kituo kizima kiligeuka kututazama. Kwetu mkwe kumfokea baba mkwe ni jambo la kulipiwa faini ya pombe na kuombewa msamaha mbele ya wazee. Mzee aliinuka, akachukua koti lake, akaenda zake. Nilienda kumwomba msamaha kwa kumpandishia sauti, lakini maneno yenyewe sikuyarudisha. Nilimwambia kwamba ningeyasema tena. Akanijibu, "Najua," akanifungia mlango.

Nilipomsimulia mke wangu, nilitegemea ugomvi. Alifungua sanduku akatoa kitenge kilekile alichombebea mtoto mgongoni tangu kuzaliwa. "Unaangaliaka nini pale ku kioo?" akaniuliza.

"Uso. Muntu akitaka kuanguka, uso njo inaonyesha."

"Basi uangalie uso."

Nilikitundika kitenge kwenye kioo kwa ndani, kikafunika kuanzia shingo ya mtu aliyekaa mpaka chini. Nilikaa mwenyewe kwenye benchi nikapima, nikakipandisha kidogo, nikagonga misumari. Mtu akiwa ndani humwoni ila kichwa. Mahali pa kunawia napo nikaweka ukuta wa mabati. Sikumwambia mzee chochote. Alipopita kituoni alikiona, akakitambua, akashika pindo lake kwa vidole viwili, akaendelea na njia yake.

Kisha tukaitwa Luberizi, ambako lundo la pumba za mpunga lilikuwa linaungua kutoka ndani nyuma ya kinu cha kukoboa. Moto wa pumba hauna miali. Unatoa moshi tu, na tulishinda tunaufukua na kuumwagia maji. Tuliporudi Uvira nilikaa nione. Mzee aliketi, akanywa maji. Akavua koti kwa mkono wake mwenyewe, akaliweka chini nje ya mlango pamoja na ya wengine. Akaenda nyuma ya mabati. Kisha kichwa chake kikatokea juu ya kitenge ndani ya Kitubio, kimenyooka kabisa, jasho linamtiririka usoni, na mimi nikamwangalia uso kama kazi yangu inavyotaka. Hakugeukia ukuta.

Wakati wengine wanavaa, niliyakusanya makoti, nikayakumbatia kifuani, nikayatia kwenye mifuko ya kufulia.

Mzee alitoka na shati safi. Kijana wa mipira akasogea amnuse. Mzee akampita, akaja kusimama mbele yangu.

"Hawa batanidanganya sababu ya heshima," akasema. "Ninuse weye."

Akainamisha kichwa. Sikuwahi kumkaribia hivyo kwa hiari yake. Nywele zilikuwa sawa. Shingo ilikuwa sawa. Nyuma ya sikio la kushoto nikakuta harufu ya pumba zinazoungua, kidogo tu, na nikajua kwamba kila mtu pale alikuwa anataka niseme iko sawa.

"Bado, baba. Nyuma ya sikio."

Alinitazama. Kisha akachukua sabuni akarudi nyuma ya mabati, na tulimsikia akijisugua kwa fujo. Alipoinama mara ya pili nilikuta sabuni tupu.

Tulikwenda nyumbani kwangu pamoja. Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto. Alimnusa baba yake shingoni, kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho, kisha akampa mjukuu wake. Mtoto alimshika mzee sikio, lile la kushoto, akalivuta kwa nguvu zote. Tulingoja kikohozi. Hakikuja. Aliegemeza kichwa begani kwa babu na kupumua vizuri, na mimi machozi yakanitoka bila kificho.

Nikanyanyua mguu niingie. Mke wangu akanizuia kwa kiganja kifuani, akaninusa shati.

"Weye nani alikunusa?"

Nilitaka kusema mimi ndiye ninayenusa watu. Nikakumbuka makoti. Mzee alinitazama juu ya kichwa cha mjukuu wake, akiwa amekaa kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanicheka waziwazi.

"Rudia kunawa, mukwe," akasema. "Hata nyuma ya sikio."

Nilitoka mpaka barabarani, pale alipozoea kusimama yeye, nikapiga mluzi. Mtoto akageuza kichwa. Kisha nikarudi kituoni kutafuta sabuni.