Maji Yasikatike

Shosho, bibi yangu mzaa baba, alikufa Sabato alasiri, kwa hiyo hatukumgusa hadi Jumapili asubuhi. Usiku kucha wanaume wa sinagogi yetu, chumba cha mabati kilicho nyuma ya shamba letu karibu na Kiganjo, walipokezana kukaa naye wakisoma Zaburi. Sisi hatumwachi maiti peke yake. Kulipokucha walitoka bila kutuangalia usoni, wakatuachia mlango wazi na ukungu.

Mwanamke huoshwa na wanawake. Nilijua hivyo tangu utotoni, kama vile nilivyojua kwamba Shosho aliacha kanisa lake, akahamia lingine lililoshika Jumamosi, kisha akaendelea kuuliza maswali hadi Yesu mwenyewe akabaki nje ya majibu. Hakuna rabi aliyewahi kutupokea rasmi. Mmoja wa ng'ambo alijibu barua pepe yangu kwa upole: kuipenda Torati ni jambo zuri, lakini mtu haingii katika watu wa Israeli bila baraza la marabi. Sikumwonyesha Shosho jibu hilo. Yeye aliniambia jambo moja tu, akiwa tayari mgonjwa: "Nisioshwe na watu wa mochari. Unioshe wewe."

Nikakubali. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kama sisi si Wayahudi, je, nitakachomfanyia kitakuwa nini? Mwanamke aliyemaliza chuo na hana kazi, anamwagia maiti maji?

Tulitakiwa kuwa watatu. Mmoja alikuwa amejifungua wiki ile. Nilibaki na mama mzee wa ushirika wetu aliyetoka Timau, mwenye ukungu wake mwenyewe ndani ya macho yote mawili. Tata, dada ya baba yangu, alikuwa jikoni akichochea moto wa kupasha maji. Yeye ni wa kanisa na hakutaka kukanyaga chumba kile.

"Mama ya shosho yako alitolewa nje akiwa bado anapumua," aliniambia akipuliza moto. "Ndiyo nyumba isiharibike na kifo. Na nyinyi mnaingia kushika maiti na mikono. Ati dini."

"Tata, ni mama yako."

"Najua ni nani. Beba maji."

Tulimwosha kwanza kwa kitambaa, kiungo kimoja kimoja, tukiwa tumefunika sehemu nyingine zote kwa shuka. Hatukupitisha kitu juu yake, maana ni kumkosea heshima. Hatukuongea. Mbali, wanafunzi wa chuo cha polisi walikuwa wakikimbia wakiimba. Ukungu ulikuwa mzito, na nyimbo zilisikika kama zinatoka chini ya ardhi.

Kisha tukainua ubao aliolazwa, upande wa kichwa, tukaja kwenye maji ya mwisho. Hayo humwagwa kama mto mmoja: ndoo ya pili ianze kabla ya ya kwanza kuisha, na ya tatu kabla ya ya pili. Yakikatika, hayahesabiki. Mama wa Timau angemwaga ya kwanza, mimi ya pili, naye awahi kuinua ya tatu.

Akaanza. Maji yalikuwa vuguvugu na chumba kilikuwa baridi, kwa hiyo mvuke ulipanda kutoka mabegani na kifuani mwa Shosho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Sikuwa nimejiandaa kuuona ukitoka mdomoni, mwembamba, ukasimama, kisha ukatoka tena.

Mikono yangu ikakataa.

Ndoo ya kwanza ikaisha. Nikamwaga yangu, nikiwa nimechelewa.

"Yamekatika?" akauliza mama wa Timau. Hakuwa ameona.

Nilifikiri mengi kwa wakati mfupi sana. Labda tone la mwisho lilikuwa bado hewani. Labda tone si mto. Labda kwa watu ambao hawajapokelewa na yeyote, mto wote ni maji tu, na kukatika kwake si kitu.

"Yamekatika, Mama."

"Basi tunaanza tena. Na sisi wawili hatutoshi. Umeona hivyo."

Nilienda jikoni nikamwambia Tata. Alichota ndoo tatu, akanipa moja, akabeba mbili, akanifuata hadi mlangoni. Huko akasimama.

"Mama," nikamwuliza mzee kwa sauti ya chini, "si lazima anayeosha awe Myahudi?"

"Na wewe, nani amekuambia ni Myahudi?"

Tata alivua viatu, akaingia.

"Nisimame wapi? Na mtu asiniambie niombe."

"Hapo miguuni. Ukiona ndoo ya mtoto huyu inapungua, mwaga."

Safari hii maji yalishuka bila kukoma: ya mzee, yangu, ya Tata. Nilitazama maji peke yake. Yalipoisha, mama wa Timau alitamka mara tatu kwamba marehemu ametakasika, kisha akainama na kumwambia Shosho, kama mtu anayezungumza na jirani, atusamehe kama tumemvunjia heshima.

Tata alikuwa akitazama mdomo wa mama yake. Aliinua macho akanitazama mimi, na nikajua ameona nilichokiona.

Nilichukua taulo nikaanza kumkausha, kuanzia usoni. Midomo yake ilikuwa na joto. Nilijiambia ni joto la maji.