Rubeli Tatu Zenye Kovu Moja

Mahari niliyotoa ilikuwa ng'ombe wachache na wembamba, na kwa miaka mingi nilihisi natakiwa kuongezea kitu. Baba mkwe wangu anaishi nje kidogo ya Mpwapwa. Ni mstaafu wa idara ya mifugo, na ujanani alipelekwa Urusi kusomea kazi hiyo. Mimi nilisoma historia chuo kikuu, nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali Dodoma, naishi Ipagala, na ng'ombe namfahamu zaidi akiwa kwenye sahani. Tulikuwa tunasalimiana vizuri sana, mimi na mzee, kisha tunakaa kimya hadi chakula kije.

Siku moja akanisimulia habari za bibi aliyekuwa mlezi wa bweni lao huko Urusi. Baridi ilikuwa imemlaza wiki nzima. Yule bibi akamletea supu, na ili kumchangamsha akamwekea kiganjani rubeli ya fedha ya zamani, yenye sura ya malkia, akamwacha alale nayo. Asubuhi akaja kuichukua.

"Nilipona nimeishika," mzee alisema, akautazama mkono wake.

Hapo nikapata la kuzungumza. Nikaanza kufuatilia minada ya mtandaoni ya sarafu za kale za Kirusi. Sikununua hata moja. Mshahara wangu na malkia wale hawafahamiani. Niliangalia picha, nikasoma, nikabishana na watu nisiowajua, na baada ya miaka kadhaa nikawa nazitambua za bandia. Sarafu ya kweli ilipigwa mhuri kwa nguvu, kwa hiyo herufi zake zina kingo kali. Za bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu: herufi zinalegea kama sabuni iliyokwisha kutumika, na uso unakuwa na vitundu kama chapati za maji. Lakini dalili ninayoipenda kuliko zote ni mkwaruzo. Fundi akitengeneza kalibu yake kutokana na sarafu yenye mkwaruzo, kila inayotoka humo inazaliwa na mkwaruzo uleule.

Haya yote nilimweleza mzee kwa awamu, kila nilipokwenda. Nusu aliyasikiliza, nusu alikuwa bwenini kwake kule Urusi. Ila alianza kunisifia kwa watu: "Mkwe wangu anasoma sarafu kama mimi ninavyosoma meno ya ng'ombe." Nilivimba kichwa.

Jumanne moja ya Novemba akanipigia simu.

"Nimeiona."

"Umeona nini, baba?"

"Rubeli! Ileile! Jirani kanitafutia kwenye simu. Mnada unafungwa Jumapili. Wewe una akaunti, utaninunulia. Jumamosi napeleka maksai wangu mnadani."

Maksai wake walikuwa wawili, ndio waliomlimia shamba, na mvua zilikuwa karibu. Nikauliza taratibu kama si vizuri kungoja hadi baada ya kulima.

"Bibi wa watu hatangoja," alisema, nami nikashindwa kujua kama anamsemea malkia au yule mlezi wa bweni.

Akanitumia picha. Malkia alikuwa na kidevu cha pili, na chini yake mkwaruzo mfupi uliopinda kama ukucha. Nilikuwa nao tayari. Ulikuwa kwenye kabrasha langu la picha za bandia mara mbili, kutoka kwa wauzaji wawili tofauti.

"Nzuri eeh?" mzee akauliza.

"Picha yake ni nzuri, baba."

Hilo ndilo jibu nililolitoa, mimi mwenye shahada. Baba mkwe hasahihishwi na mkwe. Hakuna aliyewahi kuniandikia sheria hiyo, lakini ukiivunja utaambiwa kila msiba na kila harusi. Mke wangu akasema, "Si umwambie tu."

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Mimi nazijua wapi sarafu? Mtaalamu ni wewe, au cheo kimekwisha?"

Ndipo nikapata wazo nililoliona la akili sana. Baba mkwe ana mtani wake, fundi viatu kutoka Iringa, na mtani anaruhusiwa kusema lolote, hata mbele ya jeneza. Nikampigia, nikamweleza kila kitu. Akakubali kwa furaha ambayo ingepaswa kunishtua. Alhamisi akaenda kwa mzee, simu ikiwa wazi mfukoni ili nisikie kazi inavyofanyika.

"Nyie wala mlenda mnaibiwa hata na picha! Hiyo rubeli yako ni kizibo cha soda!"

"Kelele wewe mla mbwa. Wa jirani umemfungia wapi leo?"

"Nakwambia kweli, ni feki! Hata mkwe wako anajua!"

"Mkwe wangu!" Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mkwe wangu ajue kitu, aje akwambie wewe mtia gundi?"

Jioni akanipigia mwenyewe, sauti imechangamka. "Mtani wangu kaona wivu. Akishaiponda namna ile ujue ni ya kweli. Jumapili usishindwe, ongeza mpaka tuipate."

Mtani huruhusiwa kusema lolote kwa sababu hakuna anayelazimika kumwamini. Hilo nilikuwa nimelisahau. Sasa ukweli ulikuwa umeshatolewa kama mzaha na umeshachekwa. Nikiurudia mimi, nitakuwa namtania baba mkwe wangu. Nikafikiria kusingizia mtandao, kwamba ulikatika dakika za mwisho. Lakini mwenye kalibu haishiwi malkia. Wiki ijayo angeleta mwingine, na mzee angekuwa bado ana maksai wa kuuza.

Ijumaa nikapanda basi kwenda Mpwapwa, nimeamua kusema. Tukala ugali. Mzee akanionyesha kikopo cha bati alichokitandika kitambaa chekundu, mahali pa kumweka malkia. Sikusema. Asubuhi tukaswaga ng'ombe njia nzima. Sikusema.

Mnadani mzee ni mtu mwingine. Alipita katikati ya ng'ombe na fimbo yake, akasimama mbele ya mmoja, akanivuta shati. "Ona pembe. Zimepigwa tupa. Wanamgeuza bibi kuwa binti." Muuzaji akatazama pembeni. Mzee alikuwa amemgundua kwa umbali wa hatua tano, bila hata kuinama.

Mnunuzi akaja. Akampapasa maksai wa kushoto nundu, akamfungua mdomo, wakavutana bei, wakapeana mkono. Kisha akamgeukia wa kulia. Ndipo mdomo wangu ukafunguka.

"Baba, umewahi kuona ng'ombe watatu, kutoka mazizi matatu, wenye kovu moja mahali palepale?"

"Hakuna kitu kama hicho. Hapo unaonyeshwa ng'ombe mmoja mara tatu."

Nikampa simu. Akavaa miwani, akaikinga skrini kwa kofia. Nikamfungulia picha ya kwanza, ya pili, halafu yake. Akaweka kidole chini ya kidevu cha kila malkia, akarudia tena kuanzia mwanzo.

"Hizi mbili ulizipata lini?"

"Moja mwaka jana. Nyingine mwezi wa nane."

"Kwa hiyo Jumanne ulijua."

"Nilijua, baba."

"Na yule fundi viatu?"

"Nilimtuma mimi."

Mnunuzi akakohoa. "Mzee, na huyu wa kulia?"

"Huyu hauzwi."

Nikauliza kwa sauti ya chini kama hatuwezi kumrudisha na yule wa kushoto. Aliniangalia kana kwamba nimemwomba avue nguo pale uwanjani. "Tumeshapeana mkono," alisema.

Tukarudi na maksai mmoja. Amezoea kuvuta jembe akiwa kulia, na njia nzima alitembea kulia, akiacha pembeni yake nafasi ya mwenzake. Mzee hakutaja sarafu. Karibu na nyumbani alisema tu, bila kugeuka, "Nilikuwa na mtaalamu mmoja. Wiki nzima nimeongea na mkwe."

Mvua zimeanza. Majirani wanapanda, na shamba lake lina magugu tu, kwa sababu msimu kama huu hakuna anayeuza maksai wa kushoto aliyefundwa, isipokuwa mwenye kasoro. Kila Jumamosi niko kwenye basi la Mpwapwa. Mzee aliagiza tumtafute pamoja wa kushoto mnadani; halikuwa ombi. Mzee anasimama mbele ya ng'ombe, anakunja mikono na kuningoja mimi.

"Huyu je?"

"Wewe ndiye unayejua, baba."

"Sijauliza nani anajua."

Jumamosi iliyopita niliinama mbele ya maksai mwekundu, nikamfungua mdomo, nikatazama meno ambayo hayakuniambia lolote. Nikamzunguka. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, wengine wakicheka viatu vyangu vya ofisini. Nikaomba atembezwe, akatembezwa.

"Simtaki," nikasema.

"Sababu?"

"Mguu wa nyuma. Kama anauburuza. Kidogo."

Mwenye ng'ombe akaniuliza mbele ya watu wote nimetokea wapi na nani kanifundisha mifugo. Mzee akachuchumaa, akautazama ule mguu kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akajikung'uta matope, akaenda kwa anayefuata, nami nikamfuata.